Wodi haihamii kwenye simu

Mhariri,

Tangu vyuo vifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, mihadhara ya mtandaoni imebaki nasi wanafunzi wa uuguzi hapa Mombasa, nami siibezi, kwani humwokolea mkaazi wa Likoni nauli na foleni ya feri. Lakini kutafuta mshipa wa mgonjwa hakufundishiki kwenye simu. Mara ya kwanza nilipomdunga sindano mzee mmoja wodini, mkono ulinitetemeka hadi muuguzi aliyenisimamia akanishika kiwiko, akaniambia, "Polepole, mwanangu." Nawaomba wakuu wa vyuo waiache nadharia ibaki mtandaoni wakipenda, ila saa za wodini na za maabara ya mazoezi zirudishwe zote, tena kwa makundi madogo.

Mwanafunzi wa uuguzi,
Likoni, Mombasa