Wanaoanza kemia, someni hapa

Habari za jioni wote. Maswali ya wanaoanza kemia yamekuwa mengi, nayajibu kwa mkupuo.

Wiki za mwanzo ni nyepesi: atomu, elektroni, jedwali la elementi. Elementi ziko 118, ila shikeni kwanza zile 20 za mwanzo kwa mpangilio wake. Msishangae sodiamu kuandikwa Na na potasiamu K. Alama hizo zimetokana na majina ya Kilatini, natrium na kalium.

Ugumu unaanzia kwenye moli. Hapo ndipo wengi husema "kemia si yangu". Jamani, moli ni hesabu tu, kama dazeni, ila badala ya vitu 12 ni chembe 6.02 × 10²³. Gramu 12 za kaboni ni moli moja; gramu 18 za maji, moli moja pia. Lieleweni hilo kabla ya kukariri fomula yoyote.

Maabara: miwani, koti, nywele zifungwe. Asidi kali humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, maana joto huchemsha maji ghafla na asidi inakurukia. Kwenye titresheni, yaani kudondoshea asidi besi (kinyume cha asidi) kidogo kidogo ili kupima kiasi chake, mtakodolea macho tone. Fenolftalini, kiashiria cha kubadili rangi mnachotia humo, haina rangi ndani ya asidi. Tone moja la besi likizidi, chupa nzima inageuka waridi hafifu. Ikikolea, umepitiliza, rudia. (Mimi nilirudia mara nne.)

Kesho saa mbili usiku tunaanza kusawazisha milinganyo ya kemikali. Njooni na penseli na kifutio, mtafuta sana.