Jeoloji na sosholojia zikae oditwari moja

Bwana Mhariri jambo, mie ni mwanafunzi wa jeoloji hapa Goma, naomba nafasi kidogo kwa gazeti yenu maana hii maneno imenichosha.

Ukienda kwa aparita (ofisi ya maandikisho ya inivasite) kuuliza kama unaweza fuata kozi moja ya sosholojia na ihesabiwe kwa kredi zako, banacheka, eti chagua, uko mtu wa mawe ama uko mtu wa maneno. Yaani ile opsyo ulichukua sekondari ndiyo inakufunga mpaka uzeeni!

Sasa tuangalie mji wetu. Mazuku wote tunazijua, ni gesi ya kaboni dioksidi inatoka chini ya udongo, ni nzito kuliko hewa basi inatulia kwa mashimo, usiku kama hakuna upepo inajaa, asubuhi unakuta mbuzi amelala pale na haamki tena. Kupima ile gesi nafundishwa. Lakini mama mwenye amejenga karibu na shimo kule Bulengo, anajua vizuri iko mazuku, ameshapanga hata mawe ili watoto wasipite, mbona hahami? Kiwanja aliuziwa na nani, akihama atakula nini? Hayo mashine yangu haipimi, na rafiki yangu wa sosholojia, mwenye angejua kumuuliza yule mama vizuri, hajui hata kama saa mbaya ni alfajiri.

Na 2021 je? Volkano yetu Nyiragongo ilitoka 22 Mei, tarehe 27 tukaambiwa tuondoke mbio, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine boti ya Bukavu. Wataalamu walisema magma iko chini ya mji na chini ya ziwa, sawa, nawaamini, lakini ule umati ukifika Sake unakunywa maji gani? (Kule Beni na Butembo wakati wa Ebola ni vilevile, chanjo ilikuwepo na bado watu walikimbia timu za afya.)

Baba mdogo ananiambia mshika mawili moja humponyoka. Sawa baba, lakini siombi diplomi mbili. LMD (mfumo wa lisansi, mastere, dokta) ni kredi 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi nzima, mie naomba tano ama sita tu ziwe za fakilte ingine, na wa sosholojia nao waje kwetu wajifunze kusoma ramani ya volkano. Maprofesa wapo, inivasite ni ileile, shida ni ratiba tu na kiburi kidogo cha fakilte.

Wakubwa wa fakilte kama munasoma hii barua, mutujibu kabla ya maandikisho ya mwaka ujao, na isiwe ile jibu ya "tutaona".

Mwanafunzi wa jeoloji, Goma