Dada, jembe la mama lije bila mpini

Shikamoo dada.

Orodha yako ya vitu unavyotaka kuhama navyo nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Vitu 64! Nimecheka peke yangu pale ulipoandika "ndoo (zote)". Nikaona nikujibu kirefu, tena hadharani, maana tangu mwaka uanze watu watatu wengine wanaohamia huku Perth, Australia, wameniuliza swali hilohilo la nini kije na nini kibaki, na wote niliwajibu kwa haraka na hovyo.

Naanza na vya bustani. Najua ndiko roho yako ilipo, na ndiko nilikoumia mimi.

Mwaka ule nahama nilifunga sururu, beleshi, reki na majembe mawili kwenye boksi moja. Nilivipitisha kwenye mpira wa maji, nikaona vimetakata. Mzigo ulipofika bandari ya Fremantle, boksi likafunguliwa. Mkaguzi akachokonoa tundu la sururu, pale mpini unapoingia, akatoa donge la udongo mwekundu wa Morogoro, gumu kama tofali, na kamzizi ndani yake. Vyote vikapelekwa kuoshwa, bili ikaja kwangu: kuosha, muda wa mkaguzi, na siku ambazo mzigo ulilala ghalani. Hela ile ingeninunulia sururu nne dukani, na ya soda ikabaki. Wakala aliyenisafirishia alikuwa ameniambia "vifaa vya shamba havina shida". Vyake havikuwa na shida, kweli.

Lakini usidhani ni ukali wa bure. Ugonjwa wa miguu na midomo, ambao kwetu bado unasumbua ng'ombe na mbuzi, Australia ilionana nao mara ya mwisho mwaka 1872. Kirusi chake husafiri hata kwenye tope la kiatu, na wewe jembe lako linalala bandani na mbuzi. Halafu kuna konokono. Yule mkubwa anayemaliza mchicha wako kila masika ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, na dunia nzima inamwogopa. Mwaka 1977 alionekana Gordonvale, kule Queensland, wakamsaka hadi wakammaliza. Anataga mayai kwenye udongo. Ukijua hivyo, humshangai tena mtu anayechokonoa sururu.

Kwa hiyo vile vyungu vya maua vya kufinyanga, vilivyoota kijani pembeni, viache. Vina vitundu ambavyo hakuna brashi itakayovimaliza. Miche na vipandikizi usifikirie hata kuvikunja kwenye kanga. Mchaichai ninao nyuma ya nyumba, niliununua hapahapa kitaluni. Mbegu zipo zinazoruhusiwa, ila ziwe safi, kwenye pakiti iliyoandikwa jina lake la kisayansi. Zako ziko kwenye chupa za dawa ya kikohozi, na moja umeiandika "za shangazi". Mgawie jirani. Toroli, mpira wa maji, kopo la kumwagilia, mikasi: vyote vipo Bunnings, duka la vifaa la huku. Na kumwagilia kwenyewe hakutakuwa kama ulivyozoea. Hapa mitambo ya kunyunyizia maji bustani ina siku zake mbili kwa wiki, na kuanzia Juni 1 hadi Agosti 31 huzimwa kabisa, kwa kuwa hiyo ndiyo miezi ya mvua.

Sasa jembe la mama, lile la kiwanda cha UFI alilolimia Mgeta. Umelipa namba 1 kwenye orodha. Sikatai. Ila niambie ukweli, unataka kulimia? Udongo wa hapa ni mchanga mtupu, jembe halikati kitu, linazama tu. Kama unalitaka kwa sababu ni la mama, fanya hivi. Toa mpini. Loweka chuma usiku kucha, sugua kwa brashi ya waya, hasa ndani ya tundu, halafu anika juani na upake mafuta kidogo lisishike kutu. Weka peke yake kwenye mfuko wa nailoni, na uliandike waziwazi kwenye orodha ya mzigo. Mpini ubaki. Ni mti uliokaa miaka kwenye mvua, na juzi kwenye picha niliona una vitundu.

Hivyo vitundu ndivyo vitakavyoamua hatima ya mbao zako nyingine. Mkaguzi akiona tundu la bungua, mdudu anayekula mbao, na unga umedondoka chini yake, kitu kinafukizwa dawa kwa gharama yako, au kinateketezwa. Magamba ya mti hayaruhusiwi hata kidogo, kwa hiyo kile kigoda cha gogo kisahau. Kinu na mchi vichunguze mchana kweupe. Vikiwa vizima, vilete, ingawa ni vizito. Mzigo wa melini unaolipia nafasi ya kontena hutozwa kwa mita za ujazo, na kinu hakichukui nafasi kubwa. Kitakachokula nafasi ni kitanda.

Kitanda, dada, hapana. Ni cha tano kwa sita, na futi sita ni sentimita 183. Hapa kitanda cha upana huohuo kina urefu wa sentimita 203. Ukivunjikiwa na godoro hupati la kulingana nalo, na kila shuka utakayonunua itakuwa ndefu. Kiuze. Kontena zima la futi 20 lina mita za ujazo kama 33, sisi tunachangia kipande tu, na kitanda kinataka kukalia robo ya kipande chetu.

Mbuzi ya nazi lete. Usibishane na mtu, lete. Wifi yako aliiacha kwa sababu niliona haya kufungasha mbuzi kuukuu, na hadi leo ananikumbusha kila tukipika wali. Nazi iliyokunwa na kugandishwa tunaipata kwenye maduka ya Wahindi na Wafilipino, inasaidia, lakini tui lake halina kile kishindo. Ungo lete pia, ukiupiga vizuri usibaki na punje hata moja. Kibuyu cha bibi kitikise. Kikilia, ndani kuna mbegu, zitoe zote. Sufuria kubwa za shughuli zije, ila ujue hazipati moto kwenye majiko ya indaksheni, yale ya umeme yanayopasha tu chombo kinachoshika sumaku, kwa hiyo nyumba utakayopanga ulizia kwanza jiko. Blenda na pasi hazina neno, umeme wa huku ni volti 230 kama wa nyumbani, utabadili plagi tu. Friji uza. Mtungi wa gesi haupandi meli.

Kuna jambo nusura nilisahau, na ni la hela. Usiende kununua vitu vipya ili uje navyo. Vitu ulivyomiliki na kuvitumia mwaka mzima au zaidi kabla ya kuja ndivyo vinavyoingia bila ushuru. Lile seti jipya la sahani uliloniambia unalitazama Kariakoo liache Kariakoo.

Na maboksi! Usiokote yale ya tufaha sokoni Kingalu, wala viroba vya mchele, wala usijazie nyasi kavu kuzuia vyombo visigongane. Boksi lililowahi kubeba matunda, mayai au nyama hapa halitakiwi. Nunua mapya, jazia kanga na mashuka. Kanga si unazo za kutosha.

Limebaki kabati la vyombo, lile la mninga. Hapa sina jibu. Ni zima, nimelitazama kwenye picha hadi macho yameuma, sikuona tundu hata moja, na fundi aliyelitengeneza hayupo tena wa kutengeneza jingine. Lakini milango ya vyumba vya hapa kwangu ina upana wa sentimita 82, na sijui kama lile linafunguka vipandevipande au ni mwili mmoja. Chukua futikamba upime kina chake, si upana, halafu angalia kwa nyuma kama kuna skrubu au misumari. Niletee majibu kabla ya Jumamosi, nafasi ya kontena nimeishikilia hadi siku hiyo.