Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Zanzibar: Mtoto aliyezaliwa kimya

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Sisi ni wakunga wa Pemba. Tunakuandikia juu ya safu moja ndani ya kitabu cha wazazi, ile inayojazwa mtoto anapotoka bila ya kulia. Nafasi yake ni ndogo, inatosha kuandika kwamba kazaliwa mfu na ngozi yake ni nzima, au kazaliwa mfu na ngozi imechubuka, basi. Lakini maneno hayo mawili matatu yanaamua takwimu zinazofika mezani kwako, maziko ya mtoto, na vipi mama huyo atatunzwa akishika mimba nyengine. Na mara nyingi huandikwa usiku, na mkunga mmoja, mkono mwengine uko kwa mzazi wa kitanda cha pili.

Mtoto aliyefia tumboni kabla ya uchungu anajulikana. Saa kadhaa baada ya kufa ngozi huanza kuota malengelenge na kubanduka, mifupa ya kichwa hulegea ikapandana, maji ya uzazi hugeuka rangi. Aliyefia karibu na kutoka, ngozi yake ni nzima, na huyu mara nyingi alikuwa hai wakati mama yake anapokewa mlangoni. Yupo na wa tatu, ambaye ndiye hasa tunayemsemea. Huyu moyo wake bado unapiga ila hapumui. Katoka mlegevu, mweupe au wa buluu, halii. Kwa macho tu huwezi kumpambanua na mfu. Inabidi ushike kitovu kwa vidole viwili pale kinapoota tumboni uhisi kama kinapiga, au uweke kisikilizio kifuani. Asiposhikwa akaandikwa mfu, hakuna atakayempumulisha.

Mkunga ana dakika moja. Ndani ya dakika hiyo mtoto afutwe na kukaushwa kwa kitambaa cha joto, asuguliwe mgongo, na kama bado hapumui aanze kupewa pumzi kwa mfuko na barakoa, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, kifua kinyanyuke kila mara. Kisipokuwa kinanyanyuka, kosa huwa liko kwenye barakoa kabla ya kuwa kwa mtoto: haikukaa vizuri, au shingo imekunjwa, au saizi siyo. Zinahitajika saizi mbili, 1 kwa aliyetimia na 0 kwa njiti, na vituo vingi huwa na moja tu. Mfuko nao una valvu ndogo ya mpira ambayo ikioshwa na kufungwa ikiwa bado mbichi hunata, ukabonyeza na hewa isiende. Kuujaribu ni kuziba mdomo wake kwa kiganja na kubonyeza. Hewa ikose pa kutokea mpaka valvu ya usalama ifunguke. Hilo ni jambo la sekunde kumi na linatakiwa lifanywe kila zamu inapoanza, si pale mtoto ameshatoka. Moyo usiposikika kabisa kwa dakika 10 za kupumulisha, hapo ndipo mkunga anaacha, na saa anaiandika.

Kwa watu wetu jambo hili lina uzito mwengine ambao hauonekani katika fomu za Wizara. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, mtoto aliyepindukia miezi minne tumboni hukoshwa, hukafiniwa na kuzikwa. Kumsalia kunafuata alama ya uhai: alilia, alipumua, alitikisika. Baba anasimama mlangoni na suali moja, "Kalia?", na jibu la mkunga ndilo linalokwenda msikitini. Ndilo pia linalokwenda kwa sheha na katika usajili, kwa sababu aliyepumua japo mara tatu amezaliwa na amekufa, na anastahiki kuandikwa kwa yote mawili. Mkunga ambaye hakupata nafasi ya kushika kitovu anajibu kwa kukisia, na familia inaishi na makisio yake.

Sasa turudi nyuma, saa sita au saba kabla mtoto hajatoka, maana huko ndiko wengi wao wanakopotea.

Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa yasikilizwe kila nusu saa uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 mama akianza kusukuma. Kusikiliza si kuweka fetoskopu, kile kisikilizio cha moyo wa mtoto, tumboni ukaondoka. Unapapasa kwanza kujua mgongo wa mtoto uko upande gani, unaweka fetoskopu hapo, mkono mwengine unashika mshipa wa mama ili usije ukahesabu mapigo yake ukadhani ni ya mtoto, halafu unahesabu dakika nzima, hasa pale uchungu unapoachia. Baina ya 110 na 160 ni salama. Yanayoteremka baada ya kila uchungu na kuchelewa kupanda ni mtoto anayekosa hewa. Vifaa vya umeme vya kusikilizia ni vizuri na tunavitaka, lakini navyo hudaka mapigo ya mama, kwa hiyo mshipa wa mama unashikwa vile vile. Na betri zikimalizika, fetoskopu ya mbao ndiyo inayobaki.

Kuhesabu uchungu nako ni mkono juu ya tumbo kwa dakika 10, kila nusu saa. Mheshimiwa, tufanye hesabu. Wazazi wanne wenye uchungu uliokolea, dakika 10 kila mmoja, mara mbili kwa saa: ni dakika 80 ndani ya saa yenye dakika 60. Hapo hajapimwa mtu presha, hajazalishwa mtu, hajashonwa mtu, na haijajibiwa simu ya rufaa. Kinachofuata tunakijua na tunakisema wazi, kwani kukificha hakumsaidii mtoto yeyote: patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu na mapigo ya mtoto, hujazwa baadaye. Ukiona karatasi yenye 140, 140, 140 kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri, jua hiyo ni kalamu ya mtu aliyechoka. Moyo wa mtoto haupigi hivyo. Ukimwadhibu mkunga huyo na ukaacha zamu ilivyo, karatasi ya kesho itakuwa na 138 na 142, na mtoto atakuwa hakusikilizwa vile vile.

Kwamba hili linarekebishika, limeshaonekana hapa hapa Zanzibar. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mradi wa utafiti ulioitwa PartoMa ulikaa na wahudumu wenyewe na kutengeneza mwongozo mfupi wa kusimamia uchungu, uliopimwa kwa idadi ya watu waliopo kazini kweli, na semina zikarudiwarudiwa. Watoto waliozaliwa wafu hospitalini walishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Hapakujengwa jengo jipya kwa hilo. Lengo la dunia ni kila nchi ifike 12 au chini ya hapo ifikapo mwaka 2030, kwa hiyo safari bado ndefu, lakini njia imeshapitwa na watu wetu.

Jambo la haraka ambalo halina gharama kubwa ni pazia. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mzazi awe na mtu wake wakati wa uchungu: mama yake, dada, wifi, anayemtaka mwenyewe. Mtu huyo humpa maji, humkanda kiuno, na humwita mkunga anapoona damu au mama anapobadilika. Lakini vitanda vikiwa wazi, mama wa mtu hawezi kuingia bila ya kumuona binti wa mwenzake anayezaa, na hapo wodi humtoa nje. Vyuma vya mapazia na vitambaa vyake havihitaji mfadhili.

Mtoto akishatoka amekufa, kazi ya mkunga haijesha, na hapa ndipo ambapo mafunzo yetu ni haba zaidi.

Kuna mambo ya uhai wa mama kwanza. Aliyekaa na kiumbe kilichokufa tumboni kwa wiki kadhaa anaweza kupoteza uwezo wa damu yake kuganda. Kipimo cha kitandani hakihitaji maabara: damu mililita 2 katika kichupa kikavu cha kioo, ukifumbate kiganjani kipate joto la mwili, baada ya dakika 4 kiinamishe taratibu uangalie, kisha kila dakika moja. Dakika 7 zikipita na damu bado inatiririka, au bonge ni laini na linavunjika, huyo asisubiri, apelekwe kwenye damu na daktari. Kichupa kiwe cha kioo. Cha plastiki hudanganya. Oksitosini yake, sindano ya kuzuia damu isimwagike, uniti 10, anastahiki kupata kama mzazi mwengine yeyote, na tunalisema hili kwa sababu huzuni ikitawala chumba, sindano husahaulika. Na dawa hiyo ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda juu ya meza kwa joto la Pemba, nguvu yake hupungua na rangi haibadiliki, hivyo hakuna atakayejua mpaka damu ikatae kusita.

Kisha kutafuta sababu. Kondo likabidhiwe jamaa wakalizike, lakini baada ya kutazamwa pande zote mbili: damu iliyoganda nyuma yake ina maana lilibanduka mapema, mabaka magumu meupe huenda pamoja na presha. Kitovu kitazamwe fundo. Mama apimwe presha, sukari, na kaswende tena, hata kama alipimwa mwanzo wa mimba. Kaswende huua watoto tumboni na tiba yake ni sindano ya benzathini penisilini, uniti milioni 2.4, mume naye atibiwe. Kundi la damu liangaliwe: mwenye hasi anahitaji sindano ya anti-D, ya kukinga mimba zake zijazo, ndani ya saa 72, na hata mimba iliyoharibika ikatoka mapema inaweza kumhusu. Saa 72 si nyingi kwa dawa inayosubiri boti kutoka Unguja. Tunaomba iwekwe Pemba.

Halafu maziwa. Huingia siku ya pili hadi ya nne, awepo wa kunyonya au asiwepo, na mama huwa ameshakwenda nyumbani bila ya kuambiwa. Anaamka kanga imerowa. Bibi zetu, kwa mapenzi kabisa, humfunga kifua kwa nguvu. Kufunga huko huziba mirija na kuleta jipu. Kinachofaa ni sidiria ya kushikilia tu, kitambaa cha maji baridi, paracetamol, na kukamua kidogo pale titi linapouma sana. Kukamua mpaka liishe ndiko kunakoita mengine. Vipo vidonge vya kabergolini, miligramu 1 mara moja siku ya kwanza, ambavyo huyazuia, lakini haviruhusiwi kwa mwenye presha ya mimba, na waliofiwa wengi ni hao hao. Presha ipimwe kwanza.

Na pale anapolazwa. Hivi sasa hurudishwa wodi ile ile, kitanda baina ya vitanda viwili vyenye watoto. Nesi wa zamu inayofuata, asiyejua, humuuliza mtoto yuko wapi. Alama ndogo juu ya faili lake ingetosha kuzuia suali hilo. Aulizwe kama anataka kumuona mtoto, asilazimishwe wala asikatazwe. Wengi hutaka kujua ni mwanamke au mwanamme na kafanana na nani. Mtoto afutwe na kuvishwa kabla ya kuletwa, na mama aelezwe kama ngozi imebadilika ili asishtuke. "Utapata mwengine" tuache kumwambia. Yeye anamuulizia huyu.

Visiwa vidogo navyo visisahauliwe. Mzazi wa Kojani, Fundo au Kisiwa Panza rufaa yake inafuata maji. Maji yakipwa usiku wa bamvua, mashua hukaa mchangani na mama hubebwa mpaka penye kina. Wenye mimba ambao wameshawahi kupoteza mtoto wangepaswa kuwa karibu na hospitali kuanzia wiki ya 38, na wanahitaji mahali pa kulala wakisubiri.

Mheshimiwa, tunachoomba kinaanzia kwenye karatasi moja. Safu ile ya kitabu ibadilishwe kuwa ukurasa: mapigo ya mwisho yalisikika saa ngapi na nani aliyasikia, kitovu kilishikwa na kilikuwa kinapiga au hakikupiga, alipumulishwa, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, ngozi, kondo, vipimo vya mama, sababu inayodhaniwa. Nakala moja ibaki kwa mama, imfuate kliniki katika mimba ijayo, maana aliyempoteza mtoto kwa presha anatakiwa aanze aspirini miligramu 75 kila siku kabla ya wiki ya 20, na kadi iliyoandikwa "mfu" tu haimwambii mkunga hilo. Ukurasa huo usitumike kumtafuta wa kumlaumu. Ukiwa wa kulaumu utajazwa 140 kama patografu. Na katika zamu ya usiku wawepo wakunga wawili kwa uchache, ili mmoja aweze kukaa dakika nzima na sikio juu ya fetoskopu.

Rasimu ya ukurasa tumeshaiandika, imekaa upande mmoja wa karatasi. Tuko tayari kuileta ofisi ya Wizara iliyopo Pemba siku yoyote utakayotuambia.

Wako katika kazi,

Wakunga wa wodi za wazazi, Pemba