Kabla hujasema "fundi iflashi tu", soma hii kwanza

Kila tukifungua asubuhi sentensi ya kwanza huwa ni ileile, "fundi hii simu imekuwa nzito sana, iflashi tu nianze upya", na mtu anaisogeza mezani kama anakabidhi mgonjwa. Sasa kuflashi, yaani kuifuta simu na kuiwekea programu upya, kwetu ni kazi na kazi tunaitaka, hatukatai, ila tunaona aibu kuchukua hela ya mtu kwa kitu ambacho angekimaliza mwenyewe kitandani kwake, na mbaya zaidi ni yule anayeamua kuifuta mwenyewe kwa vitufe alivyoona kwenye video, huyo anatuletea tatizo kubwa kuliko lile alilokuwa nalo jana. Simu nyingi zinazofika hapa hazijafa wala hazijazeeka. Zimejaa tu.

Tuanze na hilo la kuifuta maana ndo linaloliza watu.

Kaka mmoja alikuja na simu aliyoirisiti usiku, alibonyeza pawa na sauti kwa pamoja, akaingia kwenye ile menyu nyeusi, akafuta kila kitu. Simu ikawaka vizuri tu, karibu, chagua lugha, weka waifai, halafu ikamwambia aingize akaunti ya Google iliyokuwepo kwenye simu hii kabla. "Mimi sina imeili fundi, alinifungulia jamaa aliyeniuzia." Paswedi je? Anayo jamaa. Na jamaa yuko wapi? Namba haipatikani. Hapo simu ni nzima, kioo kizima, betri nzima, na haifunguki. Huo ni ulinzi dhidi ya wezi, umo kwenye Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, simu ikifutwa kwa mlango wa nyuma bila kupitia setingi lazima mwenye nayo athibitishe ni yake, kwa akaunti ya zamani au kwa PIN au patani aliyokuwa anatumia. iPhone nayo ina kufuli lake la namna hiyo. Kufuli halijui kwamba we ndo uliyeinunua kwa jasho lako.

Kwa hiyo leo hii, simu ikiwa bado inafunguka, ingia setingi, nenda kwenye akaunti, angalia hiyo imeili ni ya nani. Kama huijui paswedi ibadilishe sasa hivi maana simu ikiwa wazi ni rahisi, weka na namba yako ya simu ya kurudishia akaunti. Kama imeili ni ya jamaa, fungua yako, hamishia majina ya watu wako huko, halafu ile ya jamaa itoe. Na angalia majina ya watu yamehifadhiwa wapi, kwenye laini, kwenye simu au kwenye akaunti, maana yale ya kwenye simu tu ukiirisiti ndo umeyaaga.

Haya, tuje kwenye kujaa.

Simu ikikaribia kujaa kabisa inaanza kuganda, na sio uchawi. Memori ya simu haiandiki juu ya kitu kilichopo kama vile chaki kwenye ubao, lazima ifute kipande kizima kwanza ndo iandike kipya, sasa ikikosa vipande vitupu inabaki kuhamisha vitu huku na huku kila ukifungua kitu, ndo unaona kibodi inachelewa kutokea, kamera inafunguka baada ya wewe kukata tamaa, apu zinajifunga zenyewe. Ukiachia GB kadhaa za kupumua inarudi kuwa simu ileile uliyoinunua. Wengi wanaishi na MB 300 zilizobaki halafu wanalaumu kampuni.

Na nafasi inaliwa na nani? Mara nyingi ni WhatsApp. Mama mmoja alituapia kwamba ameshafuta picha zote, na kweli galari yake ilikuwa nyeupe kabisa, lakini simu ya GB 64 inasema imejaa. Tukafungua WhatsApp pale mbele yake, mipangilio, hifadhi na data, dhibiti hifadhi, na hilo ndo eneo ambalo kila mtu anapaswa kulijua kama anavyojua njia ya kwao. Inakupangia makundi na watu kuanzia aliyekula nafasi nyingi kushuka chini, juu yake kuna mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Kundi la kwanza kwenye orodha yake lilikuwa la harusi ambayo ilishafungwa, kamati ilishavunjwa, watu wana mtoto. Video tupu. Alicheka mpaka akakaa.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba ukimtumia mtu video kwenye WhatsApp ya Android, WhatsApp inaitengenezea kopi yake iliyobanwa na kuiweka kwenye folda ya vilivyotumwa, folda ambayo galari haiionyeshi. Kwa hiyo video moja unayo mara mbili, umefuta moja unadhani umemaliza. Ingia humo kwenye dhibiti hifadhi ufutie huko huko.

Ukishasafisha, ziba bomba. Palepale kwenye hifadhi na data kuna sehemu ya upakuaji wa media wenyewe kwa wenyewe, moja ya ukiwa kwenye data, moja ya waifai, moja ya ukiwa nje kwenye mtandao wa watu, ile wanaita roaming. Toa tiki kwa video na nyaraka, picha amua mwenyewe. Sauti zile za kurekodi zitaendelea kuingia tu, hizo haziulizi. Halafu jamani ile swichi ya kuficha media zisionekane galari haipunguzi chochote! Inaficha tu, mzigo upo palepale, ni kama kufagia uchafu chini ya kapeti. Telegram ni rahisi zaidi kwa sababu vitu vyake vinakaa kwenye seva zao, ukifuta ilichojiwekea kwenye simu ukikihitaji utakipakua tena, wekea ijifute yenyewe kila baada ya muda.

Picha sasa. Umefuta picha elfu mbili na nafasi haijaongezeka hata kidogo? Ziko kwenye kapu la taka. Google Photos inazishika siku 60 kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, siku 30 kama hazikuwa, iPhone nayo ina albamu ya zilizofutwa karibuni, siku 30. Ingia kapuni umalizie. Lakini hapa simama kidogo. Ukifuta picha kwa mkono ndani ya Google Photos na ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni, inafutika kote, simuni na mtandaoni. Kama nia yako ni kupunguza mzigo wa simu tu na picha zibaki, gusa ile picha yako ya akaunti juu kulia uchague kuongeza nafasi kwenye kifaa, hiyo inaondoa za simuni tu baada ya kuhakikisha ziko salama kule. Na kule nako sio bahari, ni GB 15 za bure zinazogawanwa na Gmail na Drive, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha unayopandisha inahesabiwa. Zikijaa hata imeili zinaacha kuingia, kuna watu wamekosa majibu ya kazi kwa sababu ya video za makelele ya sherehe.

Kwenye setingi za kila apu ukiingia hifadhi utakuta vitufe viwili, futa akiba na futa data, vinafanana na vimekaa jirani, na hapo naomba niungame. Siku za mwanzo wakati najifunza kazi nilibonyeza futa data kwenye apu ya kuandikia noti ya mteja, nikiwa na haraka, foleni imejaa. Dada yule alikuwa ameandika humo madeni yake yote ya biashara, nani anadaiwa nini, na hiyo apu haikuwa imeunganishwa na akaunti yoyote. Hazikurudi. Tangu hapo kabla sijagusa kitufe hicho huwa nakisoma kwa sauti. Akiba ni vitu vya muda, ukifuta apu inavitengeneza tena, hakuna hasara. Data ni kila kitu, ni kama umeiondoa apu ukaiweka upya leo.

Zile apu za kusafisha simu zenye picha ya roketi na ahadi za kuongeza kasi, ziondoe. Mara nyingi zenyewe na matangazo yake ndo zinaongeza uzito. Hata ile tabia ya kufagia apu zote kila baada ya dakika tano haisaidii, Android inajua kuzilaza yenyewe, ukiifunga WhatsApp kwa nguvu mara ishirini kwa siku inabidi ianze upya mara ishirini, na hiyo inakula chaji.

Kuna kautundu kamoja ambako wateja wanakapenda sana. Ingia setingi, kuhusu simu, tafuta namba ya muundo, iguse mara saba mfululizo, itakuambia sasa we ni msanidi programu, hongera. Itatokea menyu mpya, humo kuna mizani tatu za uhuishaji, zote ziko kwenye 1, zipeleke kwenye 0.5. Simu haijaongezeka nguvu hata kidogo, ila zile mbwembwe za dirisha kufunguka na kufungwa zimekatwa nusu, mkononi unaiona nyepesi. Vingine vyote humo usiguse, na sisemi hivyo kukutisha, nasema kwa sababu wanarudi.

Matangazo yanayoruka katikati ya skrini hata hujafungua kitu, hayo hayatibiwi kwa kuflashi, yanatibiwa kwa kumkamata mhusika. Tangazo likitokea usikimbilie kulifunga, bonyeza kitufe cha apu za karibuni uone limeandikwa jina la nani na ikoni gani. Mara nyingi utakuta ni tochi, au kisoma msimbo wa QR, au kibodi ya maua uliyoiweka wiki iliyopita. Kama inajificha, washa simu kwenye hali salama ambapo apu zote ulizojiwekea zinalala, kama matangazo yamekata basi ujue ni mojawapo ya hizo, anza kutoa ya mwisho kuingia. Pitia pia ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, na ruhusa ya ufikivu, hii ya pili usiipe apu yoyote usiyoijua kwa sababu yoyote ile, maana ikishaipata inasoma kilichopo kwenye skrini na inaweza kubonyeza kwa niaba yako. Ukiona kanukta ka kijani juu ya skrini hujafungua kamera wala hupigi simu, kuna apu inatumia kamera au maiki, vuta skrini toka juu kwenda chini uone ni ipi.

Betri sitaongea sana. Adui yake ni joto, usiichaji chini ya mto wala usiiache juani kwenye gari, na kama simu yako ina setingi ya kuishia asilimia 80 na unashinda karibu na chaja iwashe. Modi ya giza inaokoa chaji kwenye vioo vya OLED kwa sababu nukta nyeusi pale imezimwa kabisa, kwenye LCD taa ya nyuma inawaka vilevile, hapo unapumzisha macho tu.

Sasa kuipanga ikukae. Mimi ukurasa wa kwanza naweka vitu ninavyogusa kila siku tu, safu moja chini, vingine vyote vikae kwenye droo, ile orodha ya apu zote, ile kuwa na kurasa sita za ikoni ni kujitafutia kazi. Watu wa nyumbani wape mlio wao, kila mmoja kwenye jina lake, unajua nani anapiga simu ikiwa mfukoni. Usiku washa usinisumbue, weka nyota kwenye majina ya watu muhimu wapite, na ruhusu wanaorudia, kwenye Android mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 simu inalia, maana wa umbea hapigi mara mbili. Wenye biashara mtumie kamusi binafsi ya kibodi, unaandika herufi tatu inakuletea maelekezo yote unayomwandikia kila mteja. Mzee ukimpangia simu mkuzie maandishi na mkuzie na vitu vya kwenye skrini, ni setingi mbili tofauti, ya kwanza peke yake inamwachia vitufe vidogo vilevile.

Na weka namba ya ndugu kwenye skrini ya kufuli. Aliyeokota simu yako na ana roho nzuri hawezi kuifungua, anakurudishiaje?

Ukiamua kutuletea bado, karibu, ila piga kwanza *#06# uandike pembeni zile tarakimu 15, ndo IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, toa laini na memori kadi ubaki nazo. Kama ni Samsung ya miaka ya karibuni ina hali ya matengenezo ndani ya setingi za utunzaji wa kifaa, ukiiwasha fundi anaikuta simu tupu, anafanya kazi yake, picha na meseji zako hazioni, na wewe ndo unayeizima ukirudi. Iwashe hata unapotuletea sisi, hatununi.