Barua ya wazi kwa walimu vijana waliocheka

Marahaba, wanangu. Najua mngeniamkia kama tungekutana, kwa hiyo naitikia mapema, niingie kwenye lililonileta.

Wiki mbili zilizopita nilialikwa mahafali ya darasa la saba katika shule ambayo sitaitaja. Nilifika mapema, nikakaribishwa ofisi ya walimu. Walimu wanne wa rika lenu walikuwa wameinamia simu moja. Nikachungulia. Chombo cha angani kinapaa, kinapasuka, moshi mweupe unagawanyika mikia miwili, na mtu ameitilia video hiyo muziki wa kuchekesha. Mmoja akauliza, "Huyu mwalimu naye alifuata nini huko?" Mwenzake akajibu, "Alijitakia." Wakacheka. Kengele ikalia, simu ikarudi mfukoni.

Sikusema neno. Nilikuwa mgeni, na siku ilikuwa ya watoto. Lakini tangu siku ile neno hilo, alijitakia, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mliyemcheka anaitwa Christa McAuliffe, mwalimu aliyekufa katika chombo kile cha kwenye video yenu. Alizaliwa Boston tarehe 2 Septemba 1948, akaanza kushika chaki mwaka 1970. Alikuwa mwalimu wa maarifa ya jamii katika sekondari ya Concord, jimbo la New Hampshire, Marekani. Hakuwa rubani wala mwanasayansi. Alikuwa mama wa watoto wawili, na mezani kwake pana madaftari ya kusahihisha kama yalivyo mezani kwenu. Alitunga mwenyewe somo zima kuhusu wanawake wa Marekani, kwa kuwa aliamini historia si ya marais na majenerali peke yao. Ni ya watu wa kawaida pia, na sauti zao zimo katika shajara na barua walizoacha.

Mwaka 1984 serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba raia wa kawaida wa kwanza kupelekwa angani atakuwa mwalimu, walimu zaidi ya 11,000 waliomba. Hebu ifikirieni hesabu hiyo. Walimu elfu kumi na moja, kila mmoja amekaa usiku kujaza fomu ndefu akiamini kwamba mtu wa darasani anastahili kufika huko. Julai 1985 akachaguliwa yeye. Akasema ataandika shajara ya safari yake, kama wale wanawake wa zamani waliovuka mbuga za Marekani kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Aliulizwa sana kuhusu kazi yake, na jibu lake moja limebaki: ninaugusa wakati ujao, ninafundisha.

Sasa sikieni jambo linaloniuma zaidi. Angani alikuwa afundishe vipindi viwili, watoto wakimtazama kwenye televisheni shuleni kwao. Kimoja alikipa jina ambalo kwa lugha yetu ningesema ni ziara ya masomo iliyozipita zote. Angewatembeza ndani ya chombo, awaonyeshe nani anakaa wapi, anafanya kazi gani, wanakula nini. Yaani kwake safari ile yote ilikuwa ni kuwatoa watoto nje ya darasa. Hamkuliona hilo kwenye video yenu.

Na hapa ndipo ninapogombana nanyi. Kwenye ukuta wa ofisi ile nilisoma ratiba ya muhula mzima. Kuna masomo ya ziada asubuhi, masomo ya ziada jioni, kambi ya kitaaluma, mtihani wa kujipima, mtihani wa mock, na mwingine wa kujipima tena. Ziara hakuna hata moja. Nikamuuliza mwalimu wa taaluma. Akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mzee, ziara haiongezi ufaulu."

Mwanangu, nilikuwa na miaka michache kazini nilipowapeleka darasa la sita kwenye mapango ya Amboni, hapa Tanga. Tulikwenda kwa miguu, mihogo ya kuchemsha kwenye kikapu, tochi mbili na kandili moja. Palikuwa na binti ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kunyoosha mkono. Nikimwuliza swali anatazama vidole vya miguu yake. Tulipoingia ndani, popo wakaanza kuruka, watoto wakapiga kelele, yeye akabaki nyuma. Nikamrudia na kandili. Nikamkuta amebandika kiganja chote kwenye ukuta, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, ameinua macho kutazama mawe yanayoning'inia darini. Akaniambia, "Mwalimu, hili jiwe linakua?"

Nilikuwa nimefundisha miamba ubaoni mara nyingi tu, na mchoro wa rangi nimeuchora. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hilo. Nilimweleza nilichokijua, kwamba maji hubeba chokaa, tone likidondoka huacha chembe yake, na chembe kwa chembe jiwe hurefuka kwa miaka mingi kupita umri wa mtu. Akauliza la pili. Akauliza la tatu. Njia nzima ya kurudi alitembea ubavuni pangu akiuliza, na Jumatatu alinyoosha mkono darasani kabla sijamaliza kuandika tarehe. Mkuu wangu wa wakati ule alinigombeza kwa kupoteza vipindi viwili vya hisabati. Nilinyamaza nikaomba radhi. Leo nasema sikupoteza kitu.

Turudi kwenye lile neno la alijitakia. Asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986, huko Florida, palikuwa na baridi isiyo ya kawaida, barafu inaning'inia kwenye mnara wa kurushia. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma walikuwa wamesema msirushe. Mpira unaoziba viungio vya roketi ukipoa unakakamaa, hauzibi. Wakubwa wao wakaugeuza ushauri wao, na wakubwa wa shirika la anga la NASA wakaendelea. Christa alipofika mlangoni mwa chombo, fundi mmoja alimpa tofaa jekundu, zawadi ambayo watoto wa kule humpa mwalimu wao. Saa tano na dakika thelathini na nane kikaruka. Sekunde 73 baadaye chombo kikapasuka, na wote saba waliokuwamo wakafa. Alikuwa na miaka 37.

Kule Concord wanafunzi wake walikuwa wamekusanyika mbele ya televisheni, wamevaa kofia za sherehe, filimbi za karatasi midomoni. Sitaongeza neno hapo.

Baadaye, kwenye uchunguzi wa hadhara, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira ule, akakibana, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokiachia hakikurudi haraka kwenye umbo lake. Glasi moja ya maji. Basi nani alijitakia? Mwanamke aliyeamini kwamba waliopewa dhamana wameifanya kazi yao? Hii ni tabia yetu pia. Lori likianguka na abiria tunauliza kwa nini walipanda; hatumuulizi aliyelipatia kibali. Nanyi mtakapowapeleka watoto baharini, nahodha akisema leo upepo si mzuri, rudini nyumbani hata kama nauli mmeshalipa na mgeni rasmi anasubiri.

Mengine nayataja kwa kifupi. Andikeni shajara. Ombeni nafasi hata zikiombwa na elfu kumi na moja. Msimsubiri mwalimu afe ndipo mchange kanga na maturubai na kusoma wasifu wake.

Na mjifunze kwa Barbara Morgan, mwalimu wa msingi kutoka Idaho, aliyekuwa mbadala wa Christa. Alifanya mazoezi yote pamoja naye, akaishuhudia siku ile. Kisha akarudi darasani kwake kufundisha. Mwaka 1998 akateuliwa kuwa mwanaanga kamili, na Agosti 2007 akaruka, miaka 21 na zaidi baada ya mwenzake. Mwaka 2018 Joe Acaba na Ricky Arnold, wanaanga waliokuwa walimu kabla, walirekodi huko juu baadhi ya masomo ambayo Christa aliacha kwenye maandalio yake. Fikirini andalio la somo linalosubiri miaka 32 na bado linafundishika. Mangapi ya kwenu yatafundishika mwakani?

Nimesema kwa ukali, lakini nawapenda. Mmeikuta kazi hii ngumu kuliko tulivyoikuta sisi, madarasa yamefurika, na anayewapima anatazama wastani tu. Hilo nalijua na nitawatetea popote.

Lakini wale wanne, najua mtaisoma barua hii. Futeni ile video. Kisha pangeni Jumamosi moja kabla ya mvua za masika, mniletee darasa lenu Amboni. Magoti yangu bado yanashuka ngazi zile polepole, na kandili yangu ninayo. Mihogo nitachemsha mimi.

Babu yenu, mwalimu mstaafu,
Tanga