Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mrija wa Upasuaji wa Ubongo Usinunuliwe Peke Yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa sababu fedha zinazohusika ni za umma. Hospitali za rufaa zimeanza kuomba mirija ya kufikia uvimbe uliojificha ndani kabisa ya ubongo. Mimi ni daktari wa upasuaji wa ubongo, na mirija hiyo naitaka. Ninachoomba ni kwamba isinunuliwe kama vinavyonunuliwa vifaa vingi: sanduku linapokelewa, linapigwa picha, kisha linalala stoo.

Uvimbe ulio juu juu haututishi sana. Shida ni ule ulio kwenye vyumba vya maji katikati ya ubongo, au pembeni mwa thalamasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, maana hatuufikii bila kupita kwenye ubongo usio na ugonjwa. Kwa miaka mingi njia hiyo tumeipanua kwa vyuma bapa. Ukingo wa chuma hukandamiza eneo dogo, mishipa midogo ya damu hubanwa, na saa zikizidi eneo hilo hufa. Mgonjwa anazinduka, uvimbe umetoka, lakini mkono umelegea au maneno hayaji.

Mrija huusambaza mkandamizo huo kuzunguka duara lake lote. Huingizwa ukiwa na kiini chenye ncha butu, kinachozisogeza nyuzi za ubongo kando badala ya kuzikata. Kiini kikichomolewa, hubaki njia yenye upana wa sentimita moja au mbili hivi, na daktari hufanya kazi humo akitazama kwa hadubini au kamera. Tukiweza, tunapita kwenye mkunjo wa asili wa ubongo na kufuata uelekeo wa nyuzi. Wazo lenyewe si geni: Patrick Kelly wa Mayo Clinic, Marekani, alikuwa akitumia mrija pamoja na kompyuta na leza katika miaka ya 1980.

Kilichobadilika tangu wakati huo ni picha. Leo MRI inaweza kuonyesha nyuzi za mwendo na za lugha zinapita wapi, na mfumo wa kuongoza upasuaji kwa picha unamwonyesha daktari ncha ya kifaa iko wapi wakati huohuo. Bila hayo mawili, mrija ni bomba la plastiki tu. Madaktari wa India wameonyesha kwamba hata bomba la sindano linaweza kutengenezwa likafanya kazi hiyo. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukiletewa bei ya mrija, ujue umeletewa sehemu rahisi ya hesabu.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawatalitanguliza. Mirija hii inasifiwa pia kwa kuondoa damu iliyovuja ndani ya ubongo wakati wa kiharusi. Upasuaji wa kawaida wa kufungua fuvu uliwahi kupimwa katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, na kwa ujumla haukuwasaidia wagonjwa kuliko matibabu ya dawa. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao ENRICH, uliohusisha wagonjwa 300 wenye damu ya mililita 30 hadi 80, nusu yao wakipangiwa kupasuliwa kwa mrija ndani ya saa 24 na nusu matibabu ya dawa. Baada ya siku 30, walikuwa wamefariki asilimia 9.3 ya waliopasuliwa, dhidi ya asilimia 18 ya wasiopasuliwa. Habari njema, lakini isomwe hadi mwisho: nafuu ilitokana na damu iliyovujia karibu na uso wa ubongo. Kwa damu iliyovujia ndani zaidi, kwenye gangilia za msingi, nafuu haikuonekana, na watafiti waliacha kuandikisha wagonjwa hao katikati ya utafiti. Yaani kifaa kinachouzwa kwa sifa ya kufika mbali kimethibitika, kwa upande wa kiharusi, pale pasipo mbali.

Halafu zile saa 24. Mgonjwa anayepata CT skani, picha inayoonyesha damu iliyovuja, siku ya tatu hanufaiki na ushahidi huo hata thieta ikiwa na mirija ya kila saizi.

Nisifiche ubaya wake pia. Mshipa ukipasuka chini ya mrija, nafasi ya kuudhibiti ni finyu mno, kwa hiyo uvimbe wenye damu nyingi si wa kujifunzia. Mikasi na koleo za kawaida huziba njia ya macho. Vinatakiwa vifaa virefu vyenye shingo iliyopinda. Vilevile ubongo husogea mrija unapoingia, na picha iliyopigwa asubuhi huanza kudanganya. Anayelijua hili ni aliyefanya mazoezi kwenye vielelezo na kusimamiwa na mzoefu.

Naomba basi zabuni irudishwe iandikwe upya. Mrija, mfumo wa kuongoza kwa picha, vifaa virefu, matengenezo na mafunzo viwe mkataba mmoja. Tuanze na hospitali chache zenye MRI inayofanya kazi na vitanda vya wagonjwa mahututi, kuliko kugawa mrija mmoja mmoja kila mahali ili kila mtu aridhike. Kila upasuaji uandikwe kwenye rejesta moja, pamoja na hali ya mgonjwa baada ya miezi sita, na takwimu hizo zitangazwe hata zikituaibisha sisi madaktari.

Kamati yako ikitaka maelezo ya kitaalamu, nitakuja.

Wako katika utumishi,
Daktari wa upasuaji wa ubongo, hospitali ya rufaa